Maji Yanaanzia Juu: Historia ya Mitaro, Kutoka Usumbura Mpaka Kambini

Leo tunaleta historia ya mitaro. Msicheke. Huu ugomvi wa bloku za juu na bloku za chini haukuzaliwa hapa kambini. Ulikuwepo kabla babu zetu hawajaoa.

Tuanzie Bujumbura. Wajerumani waliweka kituo chao pale mwaka 1897, na mji ukaitwa Usumbura mpaka wakati wa uhuru, mwaka 1962. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, upande mwingine milima inayopanda kupita mita 2,000. Katikati ni uwanda mwembamba tu, na humo ndimo watu wanaishi. Ntahangwa, Muha na Kanyosha zinashuka kutoka milimani na kukatiza mjini kwenda ziwani. Mito hiyo ni sehemu ya mji hasa: mwaka 2014, Bujumbura ilipogawanywa komini tatu, mbili zilipewa majina ya mito, Ntahangwa na Muha.

Kwamba udongo wa milimani unashuka, hilo lilijulikana zamani. Miaka ya 1930 na 1940 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wakulima wa Ruanda-Urundi kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Kwa ufundi haikuwa kazi mbaya. Mfereji unaokata kilima kwa upana unayasimamisha maji, yanazama polepole. Lakini ilikuwa kazi ya shuruti, na asiyechimba aliadhibiwa. Kule Rwanda kazi za namna hiyo ziliitwa akazi, neno lililotoka kwenye Kiswahili, kazi. Uhuru ulipofika, wengi waliiacha ile mifereji ikajaa udongo. Si kwamba walikuwa wajinga. Kilichowachosha ni fimbo, na faida ya kazi ile hawakuiona shambani kwao.

Wakati huohuo mji ulikua, na hapa tupige hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 4 kwa 5 ina paa la mita 20 za mraba. Ikinyesha milimita 30, paa hilo moja linamwaga lita 600. Nyumba 100 zinamwaga lita 60,000. Zamani maji hayo yangenyesha kwenye majani na sehemu kubwa ingezama. Sasa yanatoka kwenye bati, yanaingia kwenye mtaro, au kanivo kama wengi tulivyozoea kuita, na yanafika mtoni yote kwa mara moja.

Mto ukipokea maji mengi ya kasi unakula chini yake kwanza, halafu kingo zinakosa pa kuegemea, zinaanguka. Ndivyo Ntahangwa ilivyomeza nyumba na barabara. Juu ya hapo, watu wengi waliishi kwa kuchimba mchanga na mawe ya kujengea mtoni. Tunawaelewa, njaa haisubiri. Ila kila jiwe likitoka, mto unazidi kushuka chini.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua ilipiga mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 wakafariki. Ng'ambo ya ziwa, Aprili 2020, Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila nyumba. Wenzetu wengine humu wana ndugu waliozikwa siku hizo.

Watu walijifunza nini? Kwenye Ntahangwa yalijengwa magabioni, yaani nyavu za waya zilizojazwa mawe, kushika kingo, na kule juu milimani mifereji ikachimbwa tena na miti ikapandwa. Rwanda nao, kwenye bonde la mto Sebeya, walitengeneza matuta, wakapanda miti na mianzi. Hata hivyo, Mei 2023 Sebeya ilifurika vibaya, na nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 130. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna dawa moja. Kazi hii inapunguza hatari, haiimalizi.

Sasa turudi kwetu. Mpango uliopo ni kuchimba mtaro mmoja ulionyooka kutoka bloku za juu mpaka kwenye korongo lililo nyuma ya bloku ya wageni waliofika karibuni. Juu patakauka haraka, kweli. Lakini korongo litapanuka kuelekea kwenye nyumba zao, na wao hawakuwepo kikao kilipokaa.

Sisi tunapendekeza hivi. Kwanza, kila bloku ya juu ichimbe mashimo ya kupokea maji ya mabati yake, na mifereji ya kukata mteremko, na mabingobingo yapandwe kwenye kingo zake. Majani yakikua, mwenye mbuzi anayakata. Hiyo ndiyo faida iliyokosekana wakati wa Mbelgiji. Pili, mtaro ushuke kwa vidaraja vya mawe ili maji yapunguze mbio, na pale unapoingia korongoni pawekwe mawe, kabla ya kuchimba mita hata moja huku juu. Tatu, wanaofyatua matofali waonyeshwe mahali pengine pa kuchukua udongo. Kuwafukuza tu korongoni hakutasaidia, watarudi usiku.

Na kwa wenzetu wa mashirika: malipo ya kibarua yasiishe siku ya uzinduzi. Mtaro usiozolewa taka na mchanga unaziba mvua mbili tu.

Kikao kingine ni kabla ya masika. Bloku ya wageni lazima iitwe. Na sisi wa juu twende wengi, maana maji yanaanzia kwetu.