Bima ya Mmasai na Bima ya Nyumba ya Mawe

Ukitoka Nairobi kwenda Namanga, msomaji, mji wa kwanza wa Kajiado uuonao ni Kitengela. Siku hizi umejaa nyumba za mawe. Zamani palikuwa malisho ya Wamasai, na nyumbu wakipita humo makundi kwa makundi.

Nyumba ya Mmasai ilijengwa kwa fito, udongo na samadi. Mvua ikiibomoa, ilijengwa upya (na wanawake, si wanaume!). Mali hasa ilikuwa ng'ombe, nao walikuwa na bima yao. Mtu hakuweka kundi lake lote mahali pamoja. Wengine aliwapeleka kwa rafiki wa mbali. Tena alikuwa na wenzi wa osotua, neno ambalo asili yake ni kitovu: mmoja akipatwa na msiba aliomba, naye mwenziwe akampa bila kudai malipo. Bima hiyo ilifaa kwa sababu rafiki alikaa mbali. Msiba uliompata huyu haukumfikia yule.

Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za jamii. Ile ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, viwanja vikauzwa, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na nyumba zikashuka hata kingo za mito. Katika masika ya mwaka 2024 mto Athi ulifurika, watu wakaokolewa kwa mashua.

Kwa nini basi wenye nyumba hizo hupata bima kwa shida? Huko London bima ya nyumba ilianza baada ya moto mkuu wa mwaka 1666. Hesabu yake ni kwamba wengi hulipa, wachache huunguliwa. Lakini mafuriko huingia mtaa mzima kwa siku moja, na akaaye mlimani haoni haja ya kuyalipia. Ndipo kampuni hupandisha ada, au huyatoa mafuriko katika mkataba. Mpangaji naye hudhani bima ya mwenye nyumba inalinda hata kitanda chake, sivyo.

Tangu mwaka 2016 Uingereza ina mfuko ambao kampuni zote za bima ya nyumba huuchangia, hata wa mlimani akamsaidia wa bondeni. Ila nyumba zilizojengwa tangu mwaka 2009 hazimo, ili watu wasizidi kujenga penye maji. Kanuni hiyo ikipelekwa Kitengela, ni mitaa mingapi itakayobaki ndani?