Miduara ya Mfangano

Boti ikitoka Mbita hupita kando ya Rusinga, kisha kisiwa cha Mfangano hujitokeza mbele yake, mlima uliozungukwa na maji ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay. Mlimani humo mna hazina mbili: pango la Mawanga, lililo karibu na ziwa, na Kwitone, lililo juu zaidi.

Mgeni anayeingia Mawanga huinama kidogo, kwa kuwa dari hushuka kadiri anavyosogea ndani. Macho yakishazoea kivuli, michoro huanza kuonekana: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Hakuna mnyama wala mtu aliyechorwa.

Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji na waokota matunda walioishi huku kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Michoro ya jamii hiyo ipo pia Kakapel, Kaunti ya Busia, na Nyero, mashariki mwa Uganda.

Wasuba walihamia baadaye, wakitokea upande wa Uganda. Hawakuifuta michoro waliyoikuta. Mapango yaliheshimiwa, na wazee waliyatumia kuombea mvua. Heshima hiyo ndiyo iliyoyalinda miaka yote ambayo hapakuwa na mlinzi wala ua.

Leo kazi hiyo inaendelezwa na Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa na wenyeji mwaka 2000. Hapo huhifadhiwa pia kumbukumbu za Kisuba, lugha ya Kibantu inayozidi kumezwa na Dholuo.

Katika kaunti jirani ya Migori, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta hizo huonekana kwa mbali, nyingine zikifikia mita 4. Miduara ya Mfangano haina kimo wala unene; ni utando wa rangi tu juu ya mwamba. Jasho la kiganja huiharibu, na mkaa wa mtu anayeandika jina lake huifunika.

Basi ukifika Mfangano, anzia makumbusho na uongozwe na mwenyeji. Usiiguse michoro, wala usiimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha.