Nani Athibitishe? Madai na Rufaa za Mafao ya Askari katika Mwambao wa Musoma tangu 1914

Mwigobero ni mwalo wa mji wa Musoma. Kivuko kitokacho Kinesi, ng'ambo ya Ghuba ya Mara, hufikia hapo, na mkazi wa Rorya afuatiliaye shauri lake katika ofisi za mkoa huweza kuingia mjini kwa njia hiyo. Mara ni miongoni mwa mikoa iliyotoa askari wengi kwa majeshi yaliyofuatana nchini, kuanzia enzi ya Wajerumani, waliokuwa na boma Shirati, hadi King's African Rifles (KAR) na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia KAR mwaka 1942 na kuliongoza JWTZ kuanzia 1980 hadi 1988. Insha hii inawahusu waliorudi bila cheo cha namna hiyo. Inauliza: dai la mafao lilipokataliwa, nani aliamua rufaa, na kwa ushahidi gani? Hoja yake ni kwamba hatima ya mdai imetegemea zaidi aliyebebeshwa mzigo wa uthibitisho kuliko ukweli wa utumishi wenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha jambo hili kwa ukali. Jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki lilitegemea wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo. Makumi kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Ujira wa waliokufa au kupotea ulibaki bila kudaiwa, kwa kuwa kumbukumbu za majina, vijiji na warithi zilikuwa na kasoro nyingi. Oscar Watkins, aliyewaongoza wapagazi hao, alikuwa miongoni mwa maofisa waliotaka fedha hizo ziwafae Waafrika. Mabishano yaliendelea hadi miaka ya 1930, na London haikukubali kuziachia. Hivyo mwajiri aliyeshindwa kuandika majina alifaidika na upungufu wa daftari lake mwenyewe, ilhali mjane hakuwa na chombo cha kukatia rufaa.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa ikijenga utaratibu tofauti kwa askari wake. Mwaka 1919 yaliundwa mabaraza ya rufaa za pensheni za vita, yaliyokuwa huru mbele ya wizara iliyokataa dai. Sheria ya 1943 iliyapanua na kuruhusu hoja za kisheria kufikishwa Mahakama Kuu, na kanuni za mwaka huo zikamwondolea mdai mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitokana na utumishi. Palipokuwa na shaka ya msingi, shaka hiyo ilimfaa askari. Jaji Alfred Denning, aliyesikiliza rufaa hizo baada ya vita, aliisimamia kanuni hiyo kwa msimamo thabiti.

Askari wa KAR hakuwa na haki ya kufika mbele ya mabaraza hayo. Alikuwa askari wa jeshi la makoloni, na mlango wake ulikuwa boma la wilaya, ambako serikali iliyomwajiri ndiyo pia iliyopokea malalamiko yake. Zaidi ya hayo, nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa malipo ya kuachishwa jeshi baada ya Vita vya Pili yalipimwa pia kwa rangi: mzungu wa cheo kilekile aliweza kulipwa hadi mara tatu ya Mwafrika. Dosari ya namna hiyo isingerekebishwa kwa rufaa ya kawaida, kwa sababu karani aliyelipa pungufu alikuwa ameifuata kanuni kikamilifu.

Mfano wa kinyume ulitokea Mwanza, bandari iliyo kusini mwa Musoma katika ziwa hilohilo. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Paul von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Kwa simulizi la Charles Miller, wazee wapatao 350 walijitokeza, lakini ni wachache tu waliokuwa na vyeti. Ofisa wa benki akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Hata kama simulizi limepambwa, kanuni iliyomo ni bayana: cheti kilipokosekana, mwili uliokumbuka mazoezi ulikubaliwa kuwa ushahidi. Hata hivyo, yalikuwa malipo ya hisani. Ambaye angeshindwa kwa sababu ya mkono uliokatwa vitani asingekuwa na pa kukata rufaa.

Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vililirejesha swali hili ndani ya taifa huru. Pamoja na askari wa kudumu walipigana mgambo walioitwa kwa muda mfupi. Pensheni ya utumishi hupimwa kwa miaka. Aliyepigana kwa miezi hubaki na dai la jeraha, la ulemavu au la urithi wa aliyekufa, na madai hayo ndiyo yanayohitaji kumbukumbu za kikosi na za hospitali. Suala la malipo ya wapiganaji hao limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja.

Asiyeridhika leo ana njia mbili mahakamani. Anaweza kuishtaki Serikali katika Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, baada ya notisi ya siku 90. Au kuomba mapitio ya mahakama ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Katika mapitio, mahakama huchunguza kama uamuzi ulifuata sheria na haki ya kusikilizwa, lakini kwa kawaida haipimi upya ushahidi wa jeraha. Asiyejibiwa kabisa hana uamuzi wa kubatilisha; itambidi aombe kwanza amri ya kuilazimisha mamlaka itekeleze wajibu wake.

Hapa historia ina kinaya chake. Hukumu ya Denning ya mwaka 1947 katika shauri la Miller, lililohusu pensheni ya askari, hunukuliwa katika mahakama za Tanzania kueleza kiwango cha uthibitisho katika jinai; Mahakama ya Rufani iliifuata katika shauri la Magendo Paul. Mshtakiwa wa mauaji amenufaika na maneno yaliyozaliwa katika rufaa ya mafao. Kanuni iliyoyazaa, kwamba shaka imfae askari na kwamba anayetunza daftari ndiye abebe hasara ya upungufu wake, haikufika mwambao huu pamoja nayo. Marekebisho yoyote ya utaratibu wa rufaa za mafao yangeanzia hapo: kwa chombo kisicho mlipaji, na kwa kumwondolea mdai wajibu wa kuwasilisha karatasi ambazo hakuwahi kupewa azitunze.