Akiba Isiyofikiwa na Fundi: Historia ya Vigeuza Masafa katika Setelaiti za Mawasiliano

Tangu umeme ulipoanza kutumiwa kupelekea habari, kila mtambo wa mawasiliano umekuwa na fundi wake. Waya wa simu ukikatika, fundi huufuata mpaka mahali ulipokatika. Hata kebo zilizolazwa chini ya bahari, kama ile iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, hazikuwa mbali na mkono wa binadamu: merikebu iliweza kwenda mahali penye hitilafu, kuivuta kebo juu, kuiunga, na kuirudisha kilindini. Setelaiti za mawasiliano ziliikomesha desturi hiyo. Chombo kikisharushwa angani, kwa kawaida hakifikiwi tena na fundi. Dawa ya kila ugonjwa wake hapana budi iwe imetiwa ndani yake kabla ya safari. Kwa hiyo historia ya setelaiti ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja: kitu gani kiwekwe akiba, nacho kiwekwe kwa mpango gani? Mtambo unaolionyesha swali hili kwa uwazi ni kigeuza masafa.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya mtambo huo. Masafa ya mawimbi ni hesabu ya mitetemo yake katika sekunde moja. Ishara inayotoka kituo cha ardhini hufika kwenye setelaiti ikiwa imedhoofika sana, nayo setelaiti ni lazima iikuze kabla ya kuirudisha. Setelaiti iitwayo Telstar, mathalan, ilikuza ishara kiasi cha mara bilioni 10. Kama ishara hiyo yenye nguvu ingetolewa kwa masafa yale yale yaliyopokewa, sehemu yake ingerudi katika sikio la setelaiti yenyewe, ikakuzwa tena na tena, hata mtambo ukawa unalia badala ya kusema, kama kipaza sauti kilivyapo mtu akikielekeza kwenye spika yake. Ndiyo sababu masafa hubadilishwa. Ndani ya kigeuza masafa mna osileta, yaani chombo kitoacho mawimbi thabiti ya setelaiti yenyewe, na mna kichanganyaji kinachoyachanganya mawimbi hayo na ishara iliyopokewa; katika mchanganyiko huo hupatikana masafa mapya, ambayo ni tofauti ya yale mawili. Setelaiti nyingi zilizopokea kwa megahezi kiasi cha 6,000 na kutoa kwa megahezi kiasi cha 4,000 zilipunguza masafa kwa megahezi 2,225. Osileta ikinyamaza, kila ishara inayopita hapo hunyamaza. Ikipotoka, mazungumzo yote huhama mahali pake, na vituo vya ardhini huyakosa.

Telstar 1, iliyoundwa na maabara ya Bell ya Marekani na kurushwa tarehe 10 Julai 1962, ilikuwa na uzito wa kilo 77 tu. Ilipokea kwa megahezi 6,390. Ikaishusha ishara kwanza hadi megahezi 90, mahali ambapo transista za siku zile ziliweza kuikuza vyema. Kisha ikaipandisha hadi megahezi 4,170 na kuitoa kwa valvu moja. Njia yake ya mawasiliano ilikuwa moja, bila ya pili. Lakini mtambo wa kufasiri amri zitokazo ardhini uliwekwa mara mbili, kwa kuwa waundaji walijua kwamba setelaiti isiyosikia amri haina faida hata kama viungo vyake vingine vyote ni vizima.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matumaini. Siku moja kabla ya Telstar kurushwa, yaani tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia juu sana ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Mlipuko ule ulijaza elektroni nyingi katika mikanda ya mnururisho inayoizunguka dunia, na Telstar ilipita humo katika kila mzunguko wake. Transista za mitambo ya amri zilidhoofika, na mwezi Novemba mwaka ule setelaiti ikaacha kutii. Njia ya mawasiliano, ambayo haikuwa na mwenzi, ilikuwa ingali nzima. Kilichokufa ni kile kilichokuwa na mwenzi. Sababu yake si ngumu kuona. Mitambo miwili ya amri ilikuwa ya namna moja, yenye transista za aina moja, katika mnururisho mmoja. Tena yote miwili ilikuwa macho wakati wote, maana msikilizaji wa amri hawezi kulala. Transista zilidhurika zaidi zilipokuwa zimetiwa umeme. Wataalamu walitunga amri za namna nyingine zilizopita kando ya sehemu iliyoharibika, na mwezi Januari 1963 wakaifufua Telstar kwa muda. Lakini tarehe 21 Februari ilinyamaza kabisa. Katika Telstar 2, iliyorushwa Mei 1963, tiba haikuwa kuongeza hesabu ya mitambo, bali kuondoa gesi iliyokuwa ndani ya vifuko vya transista za mtambo wa amri, kwani gesi hiyo ndiyo iliyoshirikiana na mnururisho kuleta madhara.

Relay 1 ilitoa funzo la upande wa pili. Setelaiti hiyo, iliyorushwa tarehe 13 Desemba 1962, ilibeba transponda mbili kamili, yaani njia mbili nzima za kupokea, kugeuza masafa, na kutoa ishara. Ilipokea kwa megahezi 1,725 na kutoa kwa megahezi 4,170. Mara baada ya kufika angani, kirekebishi cha umeme cha transponda ya kwanza kilikuwa kikivujisha umeme hata betri zikaishiwa nguvu, na kwa muda wa majuma mawili hivi setelaiti haikufaa kitu. Kama njia ingekuwa moja, habari yake ingekoma hapo. Lakini transponda ya pili ilikuwa na kirekebishi chake yenyewe, na mwezi Januari 1963 majaribio yalianza kwa kuitumia hiyo. Mwezi Novemba mwaka ule matangazo ya kwanza ya televisheni kuvuka Pasifiki kutoka Marekani hadi Japani yalipitia Relay 1. Watazamaji wa Japani walikuwa wameandaliwa ujumbe wa Rais John F. Kennedy, walichopata ni habari ya kuuawa kwake. Habari hiyo ilipita katika chombo kilichookolewa na akiba yake.

Ukilinganisha Telstar na Relay, hesabu ni ile ile, mbili kwa mbili. Tofauti imo katika utengano. Katika Relay, ugonjwa wa transponda ya kwanza haukuwa na njia ya kumwambukiza mwenzake, isipokuwa kwa kunywa umeme wa chombo kizima, na hilo lilizuilika. Katika Telstar, sababu moja iliwafikia wote wawili kwa wakati mmoja. Hesabu ya kawaida husema kwamba ikiwa mtambo mmoja hufa mara moja katika mara kumi, miwili hufa pamoja mara moja tu katika mia. Hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja, kwamba kifo cha huyu hakihusiani na kifo cha yule. Sharti likivunjika, ile mara moja katika mia yaweza kurudi kuwa mara moja katika kumi, na uzito wa mtambo wa pili ukawa umebebwa bure.

Setelaiti za Syncom zilionyesha mpaka wa akiba ya ndani. Nazo zilikuwa na transponda mbili mbili, lakini Syncom 1 ilipotelea angani tarehe 14 Februari 1963 wakati roketi yake ya mwisho ilipowashwa. Pigo lililoangamiza chombo kizima halikubakiza cha kuchagua. Syncom 2, iliyorushwa Julai 1963, ilifaulu, na tarehe 23 Agosti mwaka ule Kennedy alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia setelaiti hiyo na merikebu Kingsport iliyokuwa bandarini Lagos. Akiba ya kupotea kwa setelaiti nzima ni setelaiti nyingine. Jambo hili lilithibitika tena mwaka 1969: Early Bird, setelaiti ya kwanza ya Intelsat, iliyorushwa tarehe 6 Aprili 1965 ikiwa na nafasi ya mazungumzo 240 ya simu, ilikuwa imekwisha kustaafishwa, lakini setelaiti ya Atlantiki ilipoharibika karibu na safari ya Apollo 11, mzee huyo aliamshwa na kurudishwa kazini.

Mabadiliko makubwa katika mpango wa vigeuza masafa yalikuja na Intelsat IV, ambayo ya kwanza ilirushwa Januari 1971. Hapo kipokezi kimoja kiligeuza masafa ya mkanda mzima kwa mara moja, bila kuteremka kwanza hadi masafa ya kati. Ndipo ishara zikagawanywa katika njia 12, kila njia na valvu yake. Faida ilikuwa wepesi wa uzito na usafi wa ishara. Hasara ilikuwa hii: valvu moja ikifa, ilipotea njia moja katika 12, kigeuza masafa kikifa, zilipotea zote. Mtambo uliokuwa mmoja katika wengi ukawa shingo ya chupa. Ukubwa wa jambo hili waeleweka kwa kukumbuka hali ya nchi zilizokuwa zikijiunga wakati ule. Kenya ilifungua kituo chake cha Longonot mwaka 1970, na simu zake za ng'ambo zikaanza kupita juu ya Bahari ya Hindi. Kwa nchi kama hiyo, kigeuza masafa kimoja kunyamaza ni mlango mkuu wa nchi kufungwa. Kwa hiyo vipokezi vya setelaiti za namna hii viliwekewa vingine vya akiba vilivyolala bila umeme mpaka viitwe.

Lakini akiba inayolala yahitaji mwamshaji, na hapa palizuka tatizo jipya. Swichi inayochagua kati ya vigeuza viwili ni kitu kimoja; ikikwama katikati, vyote viwili vimefungiwa nje. Namna mojawapo ya kuikwepa swichi ni kuigawa ishara nusu kwa nusu ili ifike kwenye vigeuza vyote, kisha kuwasha umeme wa kile kinachotakiwa tu. Hakuna kitu kinachosogea, basi hakuna kinachokwama. Lakini nusu ya nguvu hupotea. Mahali pa kuingilia, ambapo ishara ni dhaifu mno, hasara hiyo ni ghali. Baada ya kigeuza, ishara ikiwa imekwisha kukuzwa, hasara hiyo ni ndogo. Hivyo wasanifu wengi walikubali swichi upande wa kuingilia na mgawanyo upande wa kutokea. Baadaye, vigeuza vilipokuwa vingi katika chombo kimoja, vilipangwa kwa duara: vitano, mathalan, kwa kazi ya vinne, vikiunganishwa kwa swichi zinazoweza kuipitisha ishara hadi kwa jirani. Akiba moja ikawa ya wote, na uzito ukapungua.

Hata hivyo funzo la Telstar halikuchakaa. Mwezi Januari 1994, dhoruba ya chembe zenye umeme angani ilizipiga setelaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, katika mitambo inayodhibiti mwelekeo wao. E1 iliokolewa kwa mtambo wake wa akiba kwa muda wa saa chache. Kwa E2, mtambo wa kwanza na wa akiba yote ilishindwa, na ilichukua miezi kabla ya kurudishwa kazini kwa kuongozwa kutoka ardhini.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayoweza kutumiwa kwa jambo hili, nayo hayalingani. Ziada ni kilichozidi haja; akiba ni kilichotengwa kwa ajili ya haja ijayo. Kitu chaweza kuzidi bila kutengwa. Mtambo wa pili wa amri katika Telstar, ijapokuwa uliwekwa kwa nia ya akiba, ulikuwa ziada tu mbele ya mnururisho, kwa kuwa haukutengwa na mwenzake kwa umbo, kwa mahali, wala kwa usingizi. Transponda ya pili ya Relay ilikuwa akiba kwa maana kamili. Kwa sababu hiyo yafaa istilahi ya Kiswahili iseme kigeuza masafa cha akiba, na si cha ziada. Methali husema kwamba akiba haiozi, nayo ni kweli ghalani ambamo mwenye mali hupita na kukagua. Angani hapiti mtu. Akiba huweza kuoza pamoja na kile inachokilinda, ila mbunifu awe amekwisha kuitenga akiwa bado ardhini.