Aliyefungwa kwa ubakaji akimaliza kifungo, anaruhusiwa kuishi wapi? Fahamu sheria inavyosema

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, dukani au bombani. Yule jamaa katoka gerezani, karudi kwa mama yake, na nyumba yenyewe inatazamana na shule ya msingi. Hivi inaruhusiwa? Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumhamisha?

Jibu fupi: inaruhusiwa, na mwenyekiti hana mamlaka ya kumhamisha.

Tanzania Bara haina daftari la wazi la watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono, lile ambalo mzazi angelifungua kwenye simu akaona nani anaishi mtaa gani. Hakuna pia sheria inayotaja umbali kati ya chumba alichopanga mtu huyo na shule, uwanja wa mpira au nyumba ya ibada. Akimaliza adhabu anarudi uraiani kama aliyefungwa kwa kuiba ng'ombe.

Jibu la Bunge lilikuwa gereza

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA, ilibadilisha Kanuni ya Adhabu na kuweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Ni kama Bunge lilishajibu swali la makazi: mtu huyu ataishi gerezani, basi.

Lakini watu wanatoka. Miaka 30 ikipunguzwa theluthi kwa mwenendo mzuri inabaki 20. Aliyeingia ana miaka 25 anatoka na 45, bado ana nguvu zake. Wengine wanaachiwa kwenye rufaa, wakati mwingine kwa sababu tu upande wa mashtaka haukuthibitisha umri wa mtoto. Kwa kijana wa miaka 18 au chini, Kanuni ya Adhabu inasema kosa la kwanza ni viboko tu. Huyo hata hakai gerezani, anarudi nyumbani.

Msamaha wa Rais nao upo. Kwa kawaida waliofungwa kwa kubaka na kulawiti huachwa nje ya orodha, ila si kila mara. Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe wanamuziki Nguza Viking "Babu Seya" na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka wanafunzi wa shule ya msingi. Wao siku zote walikana kosa hilo, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliona kwamba baadhi ya haki zao zilivunjwa kwenye mwenendo wa kesi. Nchi nzima ilijadili kama walistahili kutoka, lakini suala la nani afuatilie watu wa namna hiyo wakishatoka halikupata nafasi.

Sasa njoo Ruanda

Ruanda tunayoisema hapa ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, si nchi ya Rwanda. Iko kwenye barabara inayotoka Kitai kwenda Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kitai kuna gereza. Katika kata yenyewe, kijiji cha Ntunduwaro, kuna mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka. Malori yanapita, vibarua wanaingia na kutoka, vyumba vinapangishwa kwa mwezi na hata kwa siku.

Zamani kwenye vijiji vya Wamatengo mgeni alijulikana kabla hajatua mzigo, kwani watu waliishi kwa koo na mashamba ya ngoro yalikuwa na wenyewe. Sasa mwenye chumba anaangalia kodi. Mtu akionekana hafai Ruanda, anapanda gari hadi Lituhi. Akishindwa Lituhi, anaenda Liuli au Mbamba Bay, kwenye kambi za wavuvi, ambako watu wanafahamiana kwa majina ya utani tu.

Ndiyo maana kumfukuza kijijini, jambo ambalo wazazi wengi wangelitaka, halimalizi hatari. Hatari inahamia kwa watoto wa mwambao ambao wazazi wao hawakuambiwa kitu.

Wamarekani walijaribu umbali

Marekani ina madaftari ya wazi. Sheria ya mwaka 1994 iliagiza majimbo yaandikishe wakosaji hawa, na ya mwaka 1996, maarufu kama Sheria ya Megan, ikaagiza wananchi wajulishwe. Kisha majimbo na miji mingi ikaongeza kanuni za umbali. Kaunti ya Miami-Dade iliweka futi 2,500, yaani zaidi ya mita 760, kutoka shuleni. Kwenye jiji lililobanana hapakubaki karibu nyumba yoyote. Matokeo yake watu hao wakapiga kambi chini ya daraja la Julia Tuttle, kwenye mahema na vibanda, hadi walipoondolewa mwaka 2010.

Je, watoto walikuwa salama zaidi? Idara ya Magereza ya Minnesota ilichunguza watu 224 waliorudi gerezani kwa makosa mapya ya ngono kati ya 1990 na 2005. Ilitaka kujua ni makosa mangapi yangezuiwa na kanuni ya umbali. Jibu: hata moja. Wengi walimfikia mtoto kupitia watu wazima waliofahamiana nao, kwa mfano mama aliyekuwa mpenzi wao. Ukaribu wa nyumba na shule haukuwa na kazi.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Daftari lao lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kazi yake kuu ni kumzuia aliyemo asiajiriwe kufanya kazi na watoto. Uingereza na Wales, kuanzia 2011, mzazi anaweza kwenda polisi kuuliza kuhusu mtu fulani aliye karibu na mtoto wake. Polisi wakiona kuna hatari wanamwambia mzazi huyo, na yeye anatakiwa kuitunza siri. Kenya nayo, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, inataka kuwepo rejista ya waliotiwa hatiani.

Kwa maoni yangu, njia ya Afrika Kusini ndiyo ingetufaa kwanza. Haihitaji ramani ya nyumba. Inahitaji mwenye shule, mwenye kituo cha tuisheni na mwenye basi la wanafunzi waulize kabla ya kuajiri. Hata sasa polisi wanatoa cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kwa kuangalia alama za vidole, ila waajiri wa namna hii hawakidai sana.

Wasioandikwa popote

Hata tukipata daftari zuri kesho asubuhi, kuna kundi kubwa halitaonekana humo: wale ambao kesi yao "imemalizwa kifamilia".

Unajua inavyokwenda. Mtoto anasema. Mama anapiga kelele. Jioni wazee wanakaa, anatajwa mbuzi au kiasi cha fedha, anasemwa mjomba kwamba atafukuzisha ukoo kwa aibu. Fomu ya PF3 haichukuliwi, au inachukuliwa na shahidi hafiki mahakamani. Wiki ya pili mwanaume yuleyule anapita na baiskeli yake. Hakuna kumbukumbu polisi wala kwa mtendaji, na akihamia kijiji kingine anafika akiwa mtu safi kabisa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana karibu 1 kati ya 7. Majirani walitajwa sana. Linganisha idadi hiyo na waliomo magerezani, utaona kwamba wengi wa watu tunaowaogopa hawajawahi kulala hata siku moja rumande.

Kwa hiyo wewe ufanye nini?

Usianze na kundi la WhatsApp. Kusambaza picha ya mtu na tuhuma kunaweza kukuingiza wewe matatani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kumpiga ni kosa la jinai, hata kama aliwahi kufungwa.

Anza na rejista ya wakazi. Mpangaji mpya anatakiwa kufika na barua ya utambulisho kutoka alikotoka, na mtendaji wa kijiji anaweza kupiga simu huko akauliza. Wenye vyumba Ruanda wakikataa kumpokea mtu asiye na barua, hiyo peke yake ni kazi kubwa.

Kama anayerudi ni ndugu yenu, familia ikubaliane mapema alale wapi. Asilale chumba kimoja na watoto, na asiachiwe kuwalea wala kuwapeleka kisimani. Anahitaji shamba au kibarua na mtu mzima mmoja wa kumwangalia, maana asiye na kwao ndiye anayepotelea kambini.

Ukiwa na mashaka juu ya mtoto yeyote, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure kwa mitandao ya simu. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kwa polisi kata, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Tukio likiwa limetokea, mtoto apelekwe hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla daktari hajamwona.