Gobore Halikuwa Ujinga

Gobore hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi, vikashindiliwa kwa mdeki. Mwindaji wa tembo aliyekosa shabaha hakupata nafasi ya pili upesi. Baada ya mawindo ilimpasa aoshe mtutu, aukaushe na kuupaka mafuta, maana masizi ya baruti hunyonya unyevu na kuleta kutu.

Wapo wanaoitazama silaha hii kama ushahidi kwamba Mwafrika alibaki nyuma. Historia inawakanusha. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini ziliweza kuruhusiwa, kwa masharti. Majeshi ya dola zilizotia saini yalibaki na silaha bora. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wa Maji Maji waliikabili mizinga ya rashasha ya Wajerumani kwa mikuki, mishale na magobore.

Basi tusiuite ujinga uduni uliolindwa kwa sheria. Tusomapo mkataba wowote wenye maneno ya huruma, tuulize: nani anabaki na nini mkononi?