Mvua ya mawe ya Kericho: kutoka roketi hadi bima ya nyumba

Hapa tumezoea kuzungumza kuhusu programu na kompyuta, lakini leo nina hadithi ya teknolojia iliyosahaulika. Katika miaka ya 1960, kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, watu walikuwa wakirusha roketi mawinguni. Ndiyo, roketi! Adui wao alikuwa mvua ya mawe.

Nyanda za chai za Kericho, Bomet na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchana, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kwenye miinuko hii ya mita 2,000 hivi juu ya bahari. Mawingu hujengeka haraka, na alasiri mawe yanashuka. Yakiangukia chai yanachana majani machanga. Yakiangukia mabati yaliyokwisha kula kutu, unaanza kutafuta sufuria za kukingia maji sebuleni.

Roketi zilikuwa na baruti, na lengo lilikuwa kuyavuruga mawe yakiwa bado angani. Mwishoni mwa miaka hiyo zikaja ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha, ili matone yagande mapema yakiwa madogo. Hadi leo wataalamu wa hali ya hewa hawajakubaliana kwamba mbinu hizi hufanya kazi kweli. Halafu mwaka 1982 watafiti wawili, R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell, wakachapisha jambo la kushangaza: mabaki ya majani chini ya michai ya Kenya yana chembe ambazo barafu huanza kuganda juu yake kwa urahisi. Yaani huenda shamba la chai lenyewe linachangia mvua ya mawe inayolipiga.

Sasa angalia roketi zile zililinda nini. Zililinda majani. Hakuna aliyerusha roketi kwa ajili ya paa la mkulima mdogo. Na wakulima wadogo waliongezeka sana baada ya KTDA kuanzishwa mwaka 1964. Wengi wao hujenga kwa pesa za chai, hasa bonasi ya mwisho wa mwaka. Hapo ndipo penye tatizo: mvua ile ile inayotoboa paa ndiyo inayopunguza bonasi ambayo ingenunua mabati mapya. Sisi watu wa programu tunaijua hatari hii. Ukihifadhi nakala ya mafaili yako kwenye diski ile ile yalimo mafaili, huna nakala.

Wazee waliielewa kanuni hii kabla ya kompyuta. Wakipsigis walikuwa na desturi ya kuwaachia marafiki wa mbali baadhi ya ng'ombe zao. Ugonjwa au wavamizi wakifika nyumbani, mifugo yote haiishi. Sharti lilikuwa umbali. Majirani wa kokwet moja walisaidiana, na leo tuna harambee na vyama, lakini mawe yakipiga mlima mzima, jirani anayetakiwa kukuchangia naye anahesabu mashimo yake.

London ilijifunza hivyo kwa moto. Mnamo Septemba 1666 nyumba zaidi ya 13,000 ziliungua kwa siku chache. Miaka ya 1680 ilipoanza, Nicholas Barbon alikuwa na ofisi ya bima ya moto, na mwenye nyumba ya mbao alilipa mara mbili ya mwenye nyumba ya matofali. Kampuni za aina hiyo zilikuwa na vikosi vyao vya zimamoto, na zilibandika kibati ukutani kuonyesha nyumba iliyokatiwa bima. Wazo lile la kupima hatari kwa vifaa vya ujenzi bado tunalo: jaribu kukata bima ya nyumba ya nyasi, uone utakavyoulizwa maswali.

Kenya biashara hii ililetwa na kampuni za Kiingereza, kisha zikazaliwa za hapa, kama Jubilee iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1937. Sheria ya Bima ilitungwa 1984, na marekebisho ya 2006 yakaunda mamlaka ya kuzisimamia kampuni, IRA. Hata hivyo ada zote za bima nchini hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa.

Teknolojia ilijaribu kusogeza bima kijijini. Mwaka 2009 mradi wa Kilimo Salama, wa Syngenta Foundation, UAP na Safaricom, ulianza kutumia vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha. Mvua ikipungua kupita kiwango, mkulima alilipwa kwa M-Pesa bila mkaguzi kufika shambani. Wazo zuri sana kwa ukame. Lakini mvua ya mawe hupita kwenye ukanda mwembamba: inakupiga wewe, na kituo kilicho kilomita kadhaa kutoka kwako hakioni kitu. Kwa paa lako bado unahitaji mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba, na mtu wa kuja kuangalia.

Basi ukiletewa mkataba huo, usome kama unavyosoma kodi: masharti kwanza.

1. Jengo na vitu vya ndani ni sehemu mbili tofauti. Ukikaa nyumba ya kampuni ndani ya shamba la chai, jengo si lako. Wewe kata bima ya vitu vyako tu. Laptopu unayotembea nayo mara nyingi ina sehemu yake ya tatu.

2. Uliza mvua ya mawe imo wapi. Mara nyingi huingizwa chini ya dhoruba. Upate jibu kwa maandishi, na uulize pia kuhusu mabati yaliyochakaa, kwa sababu uchakavu haulipwi.

3. Kiasi cha bima kiwe gharama ya kujenga upya. Usiweke bei ya shamba, kwani ardhi haiungui wala haitobolewi.

4. Ielewe kanuni ya wastani. Inaandikwa hivi:

malipo = hasara × (kiasi cha bima ÷ gharama ya kujenga upya)

Tuseme kujenga upya ni shilingi 4,000,000, nawe umekata bima ya 2,000,000 ili ulipe ada ndogo. Paa likiharibika kwa 500,000, utapata 250,000, kisha itolewe sehemu ya hasara unayotakiwa kubeba mwenyewe. Watu wengi huiona kanuni hii siku ya kudai.

5. Kama nyumba ina mkopo wa benki, bima ambayo benki inakudai uwe nayo inalinda jengo kwa sababu ndilo dhamana yake. Vitanda na televisheni yako havimo humo.

6. Hakikisha kampuni ina leseni ya IRA ya mwaka huu. Wakulima wa KTDA wana pia wakala wao, Majani Insurance Brokers, lakini linganisha bei kwanza.

Picha za paa kabla ya mvua, risiti za mabati na namba ya mkataba vihifadhi kwenye barua pepe. Simu inaweza kulowana pamoja na nyumba.

Roketi zilitaka kuzuia wingu lisitoe mawe. Bima inaliacha wingu lifanye kazi yake, halafu inachukua shilingi chache kwa mtu wa Kisumu, wa Nyeri na wa Malindi, ambako siku hiyo jua lilikuwa linawaka, ili fundi apande juu ya paa lako Bomet. Ni ng'ombe wale wale walioachiwa rafiki wa mbali, ila sasa rafiki humjui. Ndiyo maana lazima usome maandishi.